Picha Tatu za Chumba cha Mama

Taa ya chumba cha mama iliungua, na kila nikimpelekea globu mpya alikataa. "Mwanga waniumiza macho," alisema. Nikaamini. Mimi nimeolewa Majengo. Nilikuwa nikija kwake Mji wa Kale alasiri, nakaa karibu na mlango, nakunywa kahawa, naondoka. Nani huja kwa mamake akaangalia dari?

Kilichoniingiza chumbani na kamera ni ukaidi wangu tu. Miaka ya tisini ilikuwa yaelekea ukingoni, nami ni karani katika ofisi moja Makadara. Gazeti moja la kompyuta lilikuja na CD yenye programu ya bure ya picha, nikasoma humo kwamba yawezekana dirisha lenye jua na chumba chenye giza vionekane vyote katika picha moja. Kamera yangu ilikuwa ikinitia hasira: nikipima mwanga wa dirishani, chumba chageuka masizi, nikipima chumba, dirisha laungua jeupe. Dawa yake ni kupiga picha tatu za mahali pamoja, moja ya haraka, moja ya wastani, moja ya kukawia, kisha kuziunganisha kwenye kompyuta. Kamera isitikisike hata chembe. Nikaiweka juu ya kinu nilichokipindua.

"Wapiga nini humo na hamna mtu?" mama akauliza, kasimama mlangoni. "Njoo sebuleni unipige mimi."

"Tulia mama, usipite."

Lo, alivyonuna! Nikadhani ni wivu wa kutopigwa picha.

Picha ziliposafishwa nikazipitisha kwenye skana ya ofisi wakati wa chakula cha mchana, bosi hayupo. Ile ya kukawia, kwenye karatasi, ilikuwa mng'ao mtupu wa dirisha. Sikuwa nimeiangalia mara mbili. Nikazipanga tabaka juu ya tabaka, nikafuta taratibu palipoungua kwa jua ili ile ya haraka ichungulie. Kichochoro kikatokea. Kanga zilizoanikwa ng'ambo zikatokea na maua yake. Nikacheka peke yangu kwa furaha. Kisha nikaing'arisha pembe ya giza, juu ya kitanda.

Boriti ilikuwa imevunjika. Imepasuka katikati, imebonyea pamoja na chokaa yake, na kilichoizuia isishuke ni mchi wa kutwangia, umesimamishwa juu ya kabati. Mama alikuwa akilala chini yake.

Sikuzima hata kompyuta. Nilitoka mbio, watu wakiniuliza kuna nini, sikumjibu mtu, namwomba Mungu tu dari ile ingoje.

Nilimkuta amejinyoosha pale pale kitandani.

"Mama, ondoka hapo!"

Hakushtuka. Akatazama juu, akanitazama mimi. "Ushajua."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mama!"

"Usiniletee methali nilizokufunza mwenyewe. Ningesema mngenihamisha, na nikihama nyumba itauzwa. Nilizaliwa humu. Niacheni nife humu."

Nikamsihi, nikalia, nikamfokea mamangu mzazi, Mungu anisamehe. Akageukia ukutani. Vumbi la chokaa likamdondokea begani, akalipangusa kama apangusaye nzi.

Basi hasira zikanipanda. Nikavua viatu, nikapanda kitandani, nikajilaza kando yake chali, uso wangu chini ya ule ufa.

"Haya," nikasema. "Tufe sote."

Mara akaruka kutoka kitandani kama msichana. "Una wazimu weye? Una watoto wadogo! Toka! Toka hapo, nakwambia!" Akanivuta mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Sitoki ila nawe."

Akanitukana tusi ambalo sijapata kulisikia kinywani mwake. Akatwaa buibui msumarini, akashuka ngazi mbele yangu, na mkono wangu hakuuachia mpaka tulipokuwa nje kabisa.