Msoma Paleti wa Ghala la Kahawa

Siku yangu ya kwanza ghalani Bukoba nilipangwa kufanya kazi pamoja na Ta Ishengoma, "Ta" likiwa neno la Kihaya la kumheshimu mwanamume, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kumfundisha mtu aliyeacha shule darasa la tano na bado anauliza maswali kama hakimu. Vita ya mpakani ilikuwa imeanza. Unga wa jeshi ulikuja juu ya paleti, yaani vitanda vya mbao vinavyopangiwa magunia, nasi tuliushusha kwa mikono.

Ishengoma alinionyesha kwamba magunia hupangwa yakipishana ili yafungane, na katika kila paleti lipo moja lililolegea. Tuliliita ufunguo. Ukianza na hilo, mengine yanafuata kwa utaratibu. Ukianza na jingine, yanakuja yote kwa pamoja. Yeye alizunguka paleti akiyapapasa kwa kiganja, kisha akaonyesha.

Vita ikaisha, nami nikatangatanga. Nilichuuza dagaa katika visiwa vya Muleba, nikalima bustani za watu Rubya, kisha nikarudi ghalani, ambako sasa walihifadhi kahawa. Ishengoma nilimkuta amebaki mifupa. Ukimwi siku hizo tuliuita Juliana, kwa sauti ndogo. Alikuwa akiishi na mkewe na watoto katika nyumba ya kampuni, Kibeta, na siku ya kuachishwa kazi wangetolewa. Kwa hiyo tulimbebea. Zamu yake ya kunyanyua tuligawana kimyakimya, naye akatuonyesha ufunguo tu.

Msimamizi wa ghala akatugundua. Alisema asiyebeba aende nyumbani akapumzike. Nikajibu upesi kwamba huyu habebi kwa kuwa kazi yake ni kusoma paleti.

"Kusoma? Wewe uliyekimbia shule ndiye wa kunieleza kusoma? Haya, shusha ile pale bila yeye."

Hapo ningekosea makusudi, ionekane kwamba bila yeye hatuwezi, mambo yakaisha. Lakini kiburi kilinishika, nikasahau namtetea nani. Nilipapasa kama mkubwa wangu, nikavuta kwa dhati gunia nililoamini ndilo. Paleti nzima ilinijia. Walinichimbua kwenye kahawa huku wakicheka, na msimamizi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Alipogeuka tena, sauti ilikuwa nyingine, akaomba kwa "waitu", neno la Kihaya la upole na heshima. "Ta Ishengoma, waitu, na ile ya pili tuanze na lipi?"

Ishengoma aliigusa kwa vidole viwili. "Anzeni na hili."

Tuliishusha bila gunia hata moja kuteleza. Kesho yake tulikuta kiti karibu na mlango. Hatukuuliza nani kakileta.

Alikikalia hadi mvua za vuli, ndipo tukamzika. Katika karatasi za kampuni, mahali pa cheo, msimamizi aliandika kwa mkono wake: msoma paleti. Mjane aliachiwa nyumba mpaka kitinda mimba alipomaliza shule.

Kazi yangu ya mwisho, kabla ya kustaafu na kurudi kwenye migomba yangu Kagondo, ilikuwa ulinzi wa ghala moja Mwanza. Huko paleti zilishushwa na roboti, mkono wa chuma usiochoka wala kuugua. Nilikuwa nautazama saa nzima. Fundi wake aliniambia kwamba mkono si shida; kazi kubwa ni jicho, kamera inayoamua lianze boksi lipi. Akaniuliza kama zamani palikuwa na mtu wa kazi hiyo.

Nikamwambia alikuwepo mmoja, na aliifanya akiwa amekaa.