Niliapa kuwa ni kisa cha kweli, jina nikalitoa kwenye mbao: kilichonikuta Makambako na Njombe

Wakuu, kamwene.

Kwa kawaida hapa ndipo mtu anaapa kwamba anachosimulia ni kweli tupu. Mimi leo siapi. Mkifika huko chini mtaelewa kwa nini.

Niko Makambako. Nina stationery ndogo karibu na barabara ya Njombe, nachapa barua, natoa kopi, napiga passport size. Wateja wakikosekana natunga simulizi. Nilikuwa naziweka humu humu jukwaani kwa ID nyingine, na baadhi yenu mlikuwa mnanitag nikichelewa. Msijisumbue kuitafuta, nimeshaifuta.

Simulizi iliyoniponza ilihusu mzee wa huku kwetu mwenye shamba kubwa la miti. Kwenye hadithi mzee huyo anawafanya watu misukule, alfajiri kwenye ukungu wanampandia paini. Kila kijana anayepotea kijijini, yuko shambani kwake.

Juu kabisa nikaandika: "Hiki ni kisa cha kweli, namwapia Mungu, kimetokea Njombe." Si ndivyo tunavyoandika wote? Bila mstari huo nani anasoma?

Sasa jina la huyo mzee. Mwanzo nilimwita Mzee Mgaya. Nikasita, maana kina Mgaya huku wamejaa. Mwenye nyumba wangu ni Mgaya, fundi wa printa yangu ni Mgaya. Wangenila nyama. Nikalikata.

Siku hiyo kulikuwa na lori la mbao limeharibika mbele ya duka langu. Mnaojua biashara hii mnajua kwamba kwenye vichwa vya mbao wanaandika jina la mwenye mzigo kwa rangi, mizigo isichanganyike. Zile zilikuwa mbili kwa nne, jina limeandikwa kwa rangi nyekundu. Jina la ukoo ambalo sijawahi kulisikia tangu nizaliwe.

Nikaona hili ndilo. Nilijua ni la mtu, ila wenye miti wengi siku hizi ni watu wa mbali. Nikasema huyu atakuwa Dar huko, hanijui simjui.

Jina lenyewe sitaliandika humu. Msije PM kuniuliza.

Basi simulizi ikasambaa. Kuna jamaa akaisoma kwa sauti, akaweka mlio wa mvua na mbwa wanabweka, ikaanza kuzunguka kwenye magroup ya WhatsApp. Kwenye picha ya mbele kaweka lile jina kwa herufi zinazochuruzika damu. Nilipita kijiweni nikakuta bodaboda wanaisikiliza wametulia kimya. Nikavimba kichwa, sikatai.

Wiki kama tatu baadaye, asubuhi, akaingia dada mmoja kajifunga kitenge juu ya sweta. Nimwite dada Eliza. Ameolewa hapa Makambako, ila kwao ni kijiji kimoja upande wa Kifanya, na ndiko alikokuwa anatoka. Alitaka barua ya kupeleka kwa mtendaji wa kijiji cha kwao.

"Andika: Yah: Kumwombea ulinzi baba yangu mzazi."

Nikaandika. Akataja jina la baba yake, Yohana. Halafu akataja la ukoo.

Wakuu, ni lile lile la kwenye mbao.

"Linaandikwaje hilo?" nikamuuliza.

Nilikuwa najua linavyoandikwa. Akanitajia herufi moja moja, taratibu, kama mtu aliyezoea kuulizwa.

Akaendelea kusema, mimi nachapa. Wamerusha mawe juu ya bati. Mama yake alikwenda dukani kununua chumvi, akaambiwa imeisha huku anaiona. Vijana waliokuwa wanampasulia mzee mbao wameondoka wote. Kiangazi kilichopita moto ulichoma mashamba ya majirani, la mzee likapona kwa sababu anafyeka barabara za kuzuia moto kwa mikono yake. Sasa hiyo ndiyo imekuwa ushahidi. Na Jumamosi kuna mkutano wa kijiji, vijana wameshatangaza kwamba ukiisha wanakwenda "kuwatoa watu shambani" na nyumba inachomwa.

"Ni ile simulizi ya kwenye simu," akasema. "Kaka yangu, jina letu liko nyumba moja tu. Babu alikuja nalo kutoka mbali, akamzaa baba peke yake. Na huyo aliyeandika ameapa kwa Mungu."

Nikatoa barua kwenye printa, nikampa. Akashukuru, akaondoka.

Sikumwambia kitu. Niliogopa. Niliogopa polisi, niliogopa kupigwa, niliogopa hata kumwangalia usoni.

Nilifuta uzi. Nikamtafuta yule jamaa wa sauti, akanijibu, "Bro, ile imeshatoka mikononi mwangu." Nikajidanganya kwamba watu watatulia. Ijumaa nimekaa dukani mchana kweupe, naona nyumba inawaka na jina liko mlangoni kwa rangi nyekundu.

Jumamosi nikafunga duka. Nikachukua daftari ninalotungia, nikapanda gari la Njombe, kutoka pale nikachukua bodaboda. Ukungu ulikuwa mzito, miti imesimama pande zote mbili za barabara, na nikagundua kitu cha ajabu: nilikuwa naiogopa hadithi yangu mwenyewe. Nilikuwa naangalia kati ya ile miti.

Mkutano ulikuwa nje ya ofisi ya kijiji, watu wamekaa kwenye nyasi. Mzee Yohana nilimtambua bila kuonyeshwa. Alikuwa amekaa na mkewe na Eliza, na pembeni yao hakuna mtu.

Ilipofika ajenda ya mengineyo nikanyoosha mkono. Nikasimama.

"Ile simulizi niliitunga mimi. Ni uongo, yote. Huyu mzee nilikuwa simjui."

Halafu jamaa mmoja mwenye koti la kijani akasimama.

"Huyu mzee amekulisha nini?"

Hapo ndipo nilipoona kifo, wakuu. Nilidhani ukweli ukisemwa mambo yanaisha. Watu wakaanza kuinuka. Wengine wanasema nimetumwa, wengine wanasema nimeshafanywa msukule, niangalieni macho.

Mama mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, juzi uliapa kwa Mungu ni kweli. Leo unasema ni uongo. Sisi tukushike wapi?"

Nikampa mtendaji lile daftari.

Akalifungua, akaanza kusoma kwa sauti. Wakasikia nilivyokuwa nakata na kuandika upya. Msukule wa kwanza alikuwa mwanamke, nikambadilisha. Shamba lilikuwa la chai kule Lupembe, nikalihamisha. Halafu mtendaji akavua miwani, akaivaa tena.

"Hapa mwenye shamba anaitwa Mzee Mgaya. Amekatwa kwa peni."

Mwenye koti la kijani akaketi. Na yeye ni Mgaya. Nusu ya waliokuwa wamesimama ni kina Mgaya.

Mzee Yohana akaongea kwa mara ya kwanza. "Kwa nini ulilikata?"

"Kina Mgaya ni wengi, baba. Niliogopa watanijia juu."

"Na mimi?"

Nikatazama daftari mkononi mwa mtendaji.

"Na mimi niko mmoja," akasema.

Hakuna aliyemwomba radhi. Watu waliondoka wawili wawili, kila mtu anaangalia chini. Mtendaji aliniandikisha maelezo na daftari akabaki nalo. Nyumba haikuchomwa.

Naelekea kwenye bodaboda, Eliza akanifuata mpaka barabarani. Nilitegemea kofi.

"Ni wewe uliyenichapia barua," akasema. "Ukaniuliza linaandikwaje."

Akageuka akarudi kwao. Lile kofi lingekuwa afadhali.

Funzo nililopata, kwa sisi tunaotunga. Jina la watu wengi ukilipaka matope, matope yanagawanyika. Jina la nadra lina mlango mmoja, na nyuma ya huo mlango kuna mtu anakunywa chai na mkewe. Na kile kiapo cha juu ya uzi, mimi nimekiacha kabisa.

Ile sauti bado inazunguka, nilitumiwa tena wiki iliyopita na mtu asiyejua ni yangu. Simu ikiita kwa namba ngeni siipokei. Kama unayo kwenye simu yako, nakuomba uifute leo.

Juzi lilipita lori la mbao hapa mbele. Mbili kwa nne, vichwani rangi nyekundu ile ile. Pale lilipokuwa jina, sasa pana mstari tu.

Mwenye swali aulize, mwenye kunitukana pia nafasi ipo. Ila jina, hapana.