Walisema Wanamshikia Mahali

Kila niliporudi Koboko nilipita kwanza kwenye jiko la shule, kabla hata ya kufika kwa dada yangu. Barabara ya Midia inapita nyuma ya shule, na ukishuka kwenye lori pale unaona moshi kabla hujaona paa. Moshi ukiwepo, mpishi yupo. Mpishi akiwepo, kuna ukoko wa posho, yaani ugali wetu, na kuna habari, nami siku zote nilikuwa na njaa ya vyote viwili.

Mimi ni mtu wa kuondoka. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa sababu nilichoka kuuliza maswali, bali kwa sababu walimu walichoka kuyajibu. Nimepakia mihogo Ariwara, nimeuza vitenge Arua, nimekuwa utingo wa malori yaendayo Kaya. Binti yangu analelewa na dada yangu mkubwa, na anasoma shule ile ile niliyoitoroka mimi.

Mpishi alikuwa mjane wa askari, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Watoto walimwita haboba, kama tunavyowaita bibi zetu. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kushikilia pale mjini, nacho ni lile jiko: mafiga yake, sufuria zake mbili kubwa kama mapipa, na ufunguo wa stoo ya chakula aliouvaa shingoni kwa uzi mwekundu wa sufu. Nyumba aliyolala ilikuwa ya shemeji yake, na shemeji hakuacha kumkumbusha.

Kwetu walimu wanalipwa na serikali. Mpishi, mlinzi wa geti na mama anayesafisha vyoo wanalipwa kutoka kwenye mchango wa wazazi, baada ya mambo mengine kutolewa. Na mambo mengine hayaishi. Muhula ule wazazi tulikuwa tumeongezewa mchango, tukaambiwa ni kwa ajili ya jiko. Nikamtania.

"Mama, sasa wewe iko tajiri. Utaninunulia pikipiki."

Akacheka bila kutoa sauti. "Pikipiki? Mimi nangoja bado pesa ya muhula ule ingine. Hii ya kuongeza, simenti ilikula." Akanyoosha mwiko kuelekea ofisi ya hedimasta. Ilikuwa na veranda mpya, bado haijakauka vizuri.

Siku zile nilikuwa nafanya kazi kwenye lori la kuni, tunatoka Dadamu, tunapeleka kwenye shule za Arua. Kwenye shule moja ya serikali nilikuta wapishi wamevaa aproni zinazofanana, na siku ya mshahara wanaijua kama wanavyoijua Jumapili. Sikuweza kunyamaza. Niliacha kushusha kuni, nikauliza nani anawalipa.

"Wazazi," alisema mmoja wao, Mlugbara mwenye mwanya.

"Hata kwetu Koboko wazazi wanalipa."

"Wazazi wa kwenu wanalipa, halafu wanalala. Wa kwetu wanalipa, halafu wanauliza."

Akanisimulia. Wakati mmoja wapishi walikataa kuwasha moto, na wazazi wakasimama nao. Hakuna mtoto aliyebeba kuni kwenda shuleni. Kila mzazi alimlisha mwanawe nyumbani, na mwenye nafasi alimlisha na wa jirani. Jiko likakaa baridi mpaka wakubwa wa shule wakaja wenyewe kuomba mazungumzo.

"Kwa hiyo siri ni nini?"

"Siri hapana. Jiko libaki baridi. Likipata moto wa mutu mwingine, wewe umekwisha."

Nilibeba maneno hayo mpaka Koboko kama mtu aliyebeba mayai. Nikampa mpishi, nikampa mlinzi, nikampa dada yangu, aliyekuwa mwakilishi wa wazazi. Dada yangu anauza chapati sokoni na ana sauti inayoweza kumwita mtu aliyeko Congo. Aliposikia habari ya Arua alipiga paja lake. "Kumbe inawezekana!" akasema.

Mkutano wa wazazi ulifanyika katika darasa la sita. Tulijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Hedimasta alisema kwamba hawa wafanyakazi watatu ni watu wa moyo wa kujitolea, na shule inawashukuru.

"Kujitolea?" Dada yangu alisimama, dawati likasimama naye. "Hedimasta, mutu anajitolea harusi, anajitolea kilio. Huyu mama anajitolea mpaka mvi?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja, sajini mstaafu aliyetumikia jeshi na baba yangu, akainua fimbo yake. "Hata jeshini tulimheshimu mpishi kuliko kapteni. Ukimdharau mpishi, utakula mchanga, na utasema asante."

"Na hiyo veranda," mama mmoja akadakia kutoka nyuma, "ikiivishwa na chumvi, inalika?"

Hedimasta aliahidi kulifikiria jambo hilo. Tulipotoka, tulisimama getini na wazazi wakapatana. Kuanzia Jumatatu wale watatu wataacha kazi mpaka walipwe, na moto hautawashwa. Mtoto asibebe ule ukuni wake wa kila Jumatatu. Watoto wa karibu watakula nyumbani, na wale wanaotembea kutoka upande wa Abuku watalishwa na nyumba zinazozunguka shule. Kila mama alitaja watoto atakaowachukua. Nilisikia kwa masikio yangu, na niliona mikono ikiinuliwa, ya Waislamu na ya Wakristo.

Mpishi alisimama pembeni, ameshika ufunguo wake. Dada yangu alimwendea, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, wewe kaa tu. Huu mzigo sisi tunabeba."

"Wanangu," mpishi akasema, "kama mutaniacha, muniache sasa. Musiniache katikati."

"Astaghafiru! Nani atakuacha?"

Jumatatu nilipita kuangalia. Jiko lilikuwa baridi, na mbuzi alikuwa amelala juu ya majivu kama mwenye nyumba. Binti yangu alikula kwa dada pamoja na wasichana wengine wawili wa Abuku. Niliona kazi inakwenda vizuri, na miguu yangu ikaanza kuniwasha kama kawaida. Nikapata lori, nikaenda Ariwara.

Huko nilimnunulia mpishi kitenge. Kilikuwa cha samawati chenye ndege wa njano, cha kuvaa siku atakayorudi kazini kwa heshima. Nilikikalia njiani ili kisichukue vumbi. Tulipokaribia shule niliona moshi unapanda, mnene, wa moto wenye kuni nyingi, nikampiga dereva begani.

"Simamisha! Wamemlipa!"

"Wamemlipa nani?"

"Haboba! Moshi ule, huoni? Wamekubali!"

Niliruka kabla lori halijasimama vizuri. Nilikimbia kupitia shamba la mihogo nikiwa nimekishika kitenge juu ya kichwa, na nikiwa bado mbali nikasikia kina mama wanaimba. Nikasema moyoni, hata nyimbo zipo.

Nilipofika, nilikuta sufuria ambazo si za shule. Zilikuwa za majumbani, za ukubwa mbalimbali, zimepangwa juu ya mafiga ya mpishi na juu ya mawe mengine yaliyoongezwa. Kuni zilikuwa za majumbani pia. Kina mama wale wale wa getini walikuwa wamejifunga vitenge viunoni, wanakoroga, wanaimba zile nyimbo za kilioni. Katikati yao alikuwa dada yangu, na mkononi alikuwa na ule mwiko mkubwa.

"Karibu!" akaniita. "Umekuja na njaa yako?"

"Mpishi yuko wapi?"

"Iko nyumbani, anapumzika. Sisi tunamshikia mahali."

Ni lazima nieleze hapa. Kwetu mtu akifiwa hagusi sufuria. Majirani wanakuja bila kuitwa, na kuni zao, na sufuria zao, na wanamwambia: wewe kaa chini, tunakushikia mahali. Hakuna anayeuliza dini yako wala ulimnunia nani mwaka jana. Nimetembea nchi tatu na sijaona desturi iliyo nzuri kuliko hiyo. Hedimasta hakuwa mtu wa kwetu, lakini alikuwa amejifunza desturi hiyo vizuri sana. Nyumba mbili karibu na shule zilifunga milango siku ya pili, na baadhi ya watoto wa Abuku wakarudi kwao bila kula. Hedimasta alikwenda kwa dada yangu, akavua viatu mlangoni, akasema: mama, hata kilioni hakuna anayeachwa na njaa, sasa watoto hawa wamekosa nini? Basi wakafanya lile wanalolijua. Walibeba sufuria zao kichwani.

"Nani amekufa?" niliuliza.

Wengine walicheka, wakadhani ni utani wangu wa kawaida. Dada yangu hakucheka. Alirudi kukoroga.

Nilimkuta mpishi uani kwa shemeji yake, anamenya karanga. Nilikuwa bado nimeshika kile kitenge, sijui nikiweke wapi.

"Walikuja hapa kwanza," akasema. "Kuomba mwiko."

"Ukawapa?"

"Ningefanya nini? Walikuja wanaimba." Akapuliza maganda ya karanga. "Na ufunguo pia. Walisema stoo isikae imefungwa, panya wataingia. Mchana wakaniletea chakula. Kama mimi ndiye mfiwa."

"Kikoje?"

"Kibichi."

Alisema hivyo, akaendelea kumenya. Nilimpa kitenge bila maneno yale niliyokuwa nimeyapanga njiani. Alikikunjua, akawatazama wale ndege, akakikunja tena vizuri.

"Wale wa Arua," akaniuliza, "wazazi wao walikuwa watu wa namna gani?"

Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuwa nimeuliza.

Jioni nilikuwa kwa dada yangu. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari kando ya mlango, na uzi wake mwekundu. Nilimwambia aurudishe. Nilimwambia kwamba jiko lililopata moto halimtishi mtu, kwamba hedimasta ameshapumua, kwamba yeye, dada yangu, amemuua yule mama kwa mikono yake.

"Wewe!" Sauti yake ilipanda, kisha akakumbuka majirani, akaishusha. "Wewe unakuja, unaondoka. Unaleta maneno ya Arua kama mutu analeta mafua, halafu unapanda lori. Nani anabaki na watoto? Huyo wako pia, nani anabaki naye?"

"Uliapa getini."

"Niliapa. Na watoto walilia getini pale pale."

Hilo lilikuwa kweli, na kweli yake ilinikata. Ningeweza kumsamehe hapo. Lakini aliendelea, akitazama pembeni, akikwangua unga mkavu kwenye kucha zake.

"Na tena, ndugu yangu, watu wanauliza. Kama tunaweza kupika wenyewe kwa zamu, ule mchango wa jiko ni wa nini? Hedimasta amesema anaweza kuupunguza."

Nilimtazama. "Watu wanauliza, au wewe unauliza?"

"Sote," akasema.

Sote, na mle ndani walikuwemo yule mama wa veranda na chumvi na mzee wa mpishi kuliko kapteni. Hawakununuliwa na mtu. Walianza kwa huruma, na katikati ya huruma wakagundua kwamba ni nafuu.

Siku chache baadaye hedimasta alitangaza kwamba jiko litaendeshwa na wazazi wenyewe, akawasifu kwa umoja wao. Mlinzi wa geti alirudi kazini kwa masharti ya zamani, ameinamisha kichwa. Mama wa vyoo alikwenda kulima kwa watu upande wa Midia. Zamu za kina mama zilidumu kwa muda, kisha mmoja akawa na kikohozi, mwingine na soko, nyimbo zikakoma. Mwishowe walimchukua msichana aliyekuwa hana pa kwenda, akapika kwa ujira ambao mpishi asingekubali hata kuusikia. Mchango haukupunguzwa.

Mpishi hakumgombeza mtu. Aliwasalimu wote njiani, akawauliza habari za nyumbani. Mimi ndiye niliyeacha kula chapati za dada yangu, kana kwamba hilo lingemsaidia nani.

Halafu mama mkwe wa dada yangu akafariki. Nilikuwa Arua, nikaja na lori la asubuhi. Uani palikuwa pamejaa, turubai limefungwa, na kina mama wanahangaika kwenye mafiga, kwa sababu katika misiba yote ya upande ule aliyekuwa akitangulia kufika alikuwa mpishi. Yeye ndiye aliyepanga moto na kugawa kazi. Wengine walikuwa mikono tu. Walikuwa wakitazama njia.

Alifika kabla ya mchana, amevaa kitenge cha samawati chenye ndege wa njano. Kina mama wakasogea, wakamwachia nafasi mbele ya sufuria kubwa, na mmoja akamnyooshea mwiko. Ulikuwa mwiko ule ule.

Mpishi aliwapita. Alikwenda kwa dada yangu, aliyekuwa amekaa na wafiwa, akamkumbatia, akalia naye kweli kweli, machozi ya haki. Kisha akatafuta nafasi kwenye mkeka wa wageni, akakaa, akanyoosha miguu, akaweka mikono mapajani.

Dada yangu alimtazama kutoka kule alikokaa. Alikuwa mfiwa, hakuruhusiwa kugusa sufuria.

Chakula kilichelewa sana siku ile. Kilipofika, msichana aliweka sahani mbele ya mpishi na bakuli la maji ya kunawa. Alinawa taratibu, akakata tonge la posho, akalibonyeza kati ya vidole, akalitazama. Kina mama wote walikuwa wakimtazama kutoka kule motoni.

"Asante, wanangu," akasema, akala.