Sielewi kwa Kifaransa

Juzi mchana nilikuwa nakula mgahawani Nyasubi, Kahama, wanaposhukia madereva wa malori ya Burundi na Kongo. Dada anayehudumia pale amejifunza Kifaransa cha mezani kwa kuwauliza wateja wake.

Akaingia mama mgeni kutoka Kinshasa, asiyejua Kiswahili.

"Bonjour, mama. Poisson ou viande?" Samaki au nyama?

Mgeni akachagua samaki. Alipoletewa wali, samaki na mchicha, akauonyesha mchicha, akashika koo. "Sans arachides!"

"Sans" dada aliijua, ni "bila". Neno la pili lilimshinda. Mimi ningesema "oui", ndiyo, na kutabasamu. Yeye akasema wazi, "Je ne comprends pas," sielewi, akaingia jikoni, akarudi na sinia lenye nyanya, kitunguu, pilipili na karanga.

Mgeni akagusa karanga, akashika koo tena: kumbe karanga humdhuru, humbana pumzi. Na mchicha ule ulikuwa umeungwa kwa karanga!

"Mayo wane!" Mama yangu! dada akamaka kwa Kisukuma, akaiondoa sahani nzima, akaenda kumpakulia nyingine isiyo na mchicha.

Wengi wetu tukianza lugha ya watu tunakimbilia neno la ndiyo. Dada huyu alitangulia kujifunza kusema sielewi, na mgeni wetu akala, akashiba, akaondoka anapumua.