Zvonko Apiga Magoti Uwanjani

Zvonko alikuwa fundi wa vigae, na maisha yake yote alikuwa amepiga magoti katika mabafu na majiko ya watu bila kumfikiria Mungu sana. Kwa hiyo alipoonekana Jumamosi ya kwanza ya mwezi mbele ya kanisa, kati ya wale wanaume wanaosali rozari juu ya mawe ili utoaji mimba ukome, mji mzima ulishangaa.

Stipan, mwuza dawa aliyeongoza sala, alimkumbatia kwa nguvu.

"Karibu, fundi! Hatimaye umeguswa."

Zvonko aliitikia kwa kichwa tu. Angesema nini? Kwamba pale ndipo alipoweza kuona vizuri upande wa pili wa uwanja, aliposimama mkewe Nevenka akigonga sufuria pamoja na wapinzani wao?

Kisa kilianzia kwenye duka la mikate alikofanya kazi Nevenka. Msichana mmoja wa pale alikwenda hospitali ya mji kutaka kutoa mimba, jambo ambalo sheria ya Kroatia inaliruhusu. Aliambiwa, "Hapa hatufanyi." Alipouliza wapi wanafanya, hakujibiwa. Nevenka akakasirika, na hasira yake ikampeleka kwa Kazimir, mkutubi wa mji, mwanamume aliyefiwa na mkewe, mwenye skafu nzuri na sauti ya redio. Kazimir alikuwa akiidai hospitali itoe takwimu: mimba ngapi zinatolewa humo kwa mwaka, na madaktari wangapi wanakataa kwa sababu ya dhamiri.

Tangu hapo nyumbani hapakulika chakula bila jina hilo.

"Kazimir anasema kuziona takwimu hizo ni haki yetu."

"Kazimir anasema, Kazimir anasema! Huyo Kazimir hana kwake?"

"Anako. Ndiko tunakofanyia mikutano."

Zvonko aliisukuma kando sahani ya kabichi. Alianza kuchunguza. Nevenka alinunua rangi ya midomo. Nevenka alicheka peke yake akiosha vyombo. Kwenda kusimama naye uwanjani aliona haya. Atasema nini mbele ya watu wenye maneno mengi namna ile? Kupiga magoti ndiko alikokuweza.

Jambo lililomshangaza ni kwamba mkewe hakumgombeza. Siku ile ya kwanza alirudi nyumbani, akasema taratibu, "Sikujua unaamini hivyo. Ungeniambia." Akampikia supu ya maharage aipendayo. Baadaye Zvonko alisikia kwamba wanawake wenzake walitaka kumzomea kwa jina, na Nevenka akawakataza: "Mwacheni. Ana haki yake kama mimi."

Mtu mwingine angeona aibu akaacha. Zvonko aliona tu kwamba sasa ana ruhusa.

Mwezi uliofuata alirudi. Wengine walihema na kuhamisha uzito kutoka goti moja hadi jingine. Yeye alitulia kama aliyepandwa pale.

"Una magoti ya chuma," Stipan alinong'ona. Kisha akaongeza, "Unajua, hizo takwimu hata sisi tunazitaka. Wanaficha kwa sababu ni nyingi mno. Wale kule wanadhani zinafichwa kwa sababu ni chache mno. Mwambie mkeo."

Zvonko hakusikia. Kule ng'ambo Kazimir alikuwa akimwonyesha Nevenka namna ya kushika kipaza sauti. Mkono wake ulikuwa begani mwa Nevenka. Ukakaa. Ukaendelea kukaa.

Zvonko akainuka katikati ya Salamu Maria, akawapita polisi waliosimama kutenganisha pande mbili.

"Toa mkono begani mwa mke wangu!" alipiga kelele. "Nakuona! Mwezi mzima nakuona!"

Sufuria zikanyamaza. Sala nayo ikanyamaza.

"Bwana, tulia," alisema Kazimir, akiutoa mkono.

"Kumbe ndicho kilichokuleta hapa?" Nevenka aliuliza, kwa sauti ndogo kuliko ya mumewe. "Huko chini ulikuwa unanilinda mimi?"

"Nilikuwa..."

"Nimegombana na wenzangu kwa ajili yako, Zvonko. Niliwaambia yule anasimamia anachokiamini. Mtu wa kunipinga ningeweza kulala naye kitanda kimoja. Mlinzi simtaki."

"Fundi," Stipan aliita kutoka nyuma, uso umemwiva, "na sisi je? Tulikuwa kiti chako cha sinema?"

Polisi mmoja alimshika kiwiko Zvonko na kumwonyesha barabara. Alikwenda nyumbani, akapika kahawa, ikapoa bila kunywewa.

Nevenka alirudi jioni. Kutoka uwanjani walikuwa wamekwenda wote, wa sufuria na wa rozari, hadi lango la hospitali kudai jibu. Alivua koti, akaketi mezani mbele ya mumewe, akaiweka mikono yake juu ya meza, akangoja. Macho yake yalikuwa mekundu lakini hayakuwa na vita. Zvonko alijua kwamba anangojewa aseme kitu.

"Aliyekusindikiza ni nani?" akauliza.

Nevenka aliiondoa mikono yake mezani. Kisha akainuka, akachukua mto wake chumbani, akaenda kulala kwenye kochi sebuleni. Kama hospitali ilizitoa takwimu au ilizikataa, Zvonko alikuja kusikia Jumatatu, kwa wateja wa duka la dawa.