Alama Nyeupe

Leo nimefungua chupa ya mafuta ya taa nifute kutu kwenye bawaba ya mlango, na harufu yake ikanirudisha uani kwetu, Nyamiaga.

Lori la baba lilikuwa limefunguliwa injini. Fundi, mzee mmoja aliyehamia kutoka Burundi, alikuwa anabadilisha cheni ya taimingi, ile inayozungusha gia za injini kwa mpangilio ili vyuma vya ndani visigongane. Alishapaka gia mbili alama za rangi nyeupe, ili cheni mpya ikae palepale ilipokaa ya zamani, kisha akaitwa ndani kula. Mimi, mpenda sifa, binti aliyejulikana kwa kung'arisha masufuria, niliona zile gia ni chafu. Nikalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, nikazisugua zikang'aa. Ile ya juu ikazunguka kidogo.

Aliporudi, aliinama pale muda mrefu.

"Nani amegusa hapa?"

Nikatazama kuku.

Akafunga cheni kwa kukadiria. Baba alipowasha, injini ikagonga chuma kwa chuma, ikazima. Valvu zilikuwa zimepinda.

"Fundi gani wewe, huweki alama?" baba akafoka mbele ya majirani. "Ndivyo mlivyo nyinyi watu wa ng'ambo!"

Fundi akaitazama mikono yangu, iliyokuwa safi kuliko yote pale uani.

"Nilisahau, bwana," akasema. Akakusanya spana zake, akashika njia ya Kabanga, kuelekea mpakani, kwa miguu.

Jioni mama aliniuliza mbona nanuka mafuta ya taa. Nikamwambia nilikuwa nasafisha taa.

Akanisifu.