Mchango wa Rosa Kiden

Rosa Kiden wa Koboko ana viti vya plastiki mia tatu na mahema manne, na katika miezi mitatu ya kampeni zilizopita hilo lilimfanya mtu mkubwa kuliko padri na shehe wakiwekwa pamoja.

Viti alivinunua kwa kiinua mgongo cha marehemu mumewe, sajini aliyelitumikia jeshi miaka ishirini na kulipwa baada ya kuzikwa. Arusi, matanga, maulidi, upande ule watu hukalia mali ya Rosa. Basi msimu wa uchaguzi ulipoingia, wagombea wote watatu wa ubunge walianza kupita kwake, na wawili kati yao hawakulitaja kabisa neno kukodi. Wao walisema kuunga mkono.

Wa kwanza alikuwa mheshimiwa Kamisi, aliyekwisha kukaa bungeni vipindi viwili. Alikuja na magari matatu, akamletea kilo mbili za sukari na kalenda yenye picha yake.

"Mama, mimi iko mutoto yako," alisema, ingawa alimzidi Rosa umri kwa miaka saba. "Mutoto akiomba viti, mama nasema nini?"

"Nasema mutoto akae chini."

Kamisi alicheka, na wapambe wake walipoona amecheka, wakacheka pia.

Wa pili alikuwa Akram, muuza petroli mwenye simu tatu. Hakuleta sukari, alileta ahadi. Akishinda, kila sherehe ya serikali wilayani itakalia viti vya Rosa, na bei atapanga Rosa mwenyewe. Ahadi hiyo ilimnogea Rosa. Kwa siku mbili alitembea sokoni akiangalia rangi za viti vipya.

Wa tatu alikuwa Night Poni, mkunga mstaafu wa Midia, aliyefika kwa boda huku vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Rosa, mimi hapana na kitu," alisema. "Kama unaweza, nikodishie nusu bei. Kama huwezi, watu watasimama."

Rosa alimwita kaka yake Kenyi, askari mstaafu anayetoa shauri hata asipoulizwa. Kenyi hakusita.

"Peleka kwa mutu atashinda. Kusaidia mutu atashindwa ni kama kupelekea maiti chakula."

"Na nani atashinda?"

"Hiyo mimi hapana jua."

Rosa akaamua kutumia akili yake mwenyewe. Miaka ya kukodisha viti ilimfundisha kwamba mtu humjui anapochukua, unamjua anaporudisha. Aliwapa wote watatu viti hamsini hamsini kwa mkutano mmoja, bure, akangoja.

Vya Akram vilirudi hamsini kamili, ila vitatu havikuwa vya Rosa. Vijana wa Akram walikuwa wamevunja vitatu, wakajaziliza kwa kuchukua vya kanisani, na katekista akaja kulalamika kwa Rosa kana kwamba mwizi ni yeye. Rangi za viti vipya zikamtoka kichwani siku hiyohiyo.

Vya Poni vilirudi vyote, safi, hata vumbi havikuwa nalo. Rosa alimsifu kwa usafi.

"Hapana usafi," Poni alimwambia. "Watu walikuja kumi na moja. Vingine hapana mutu alikaa."

Rosa alicheka mpaka akajishika mbavu. Halafu akaona kwamba miongoni mwa wagombea wote, huyu ndiye wa kwanza kumwambia neno ambalo halikumfaa msemaji mwenyewe.

Vya Kamisi vilirudi arobaini na kimoja. Wapambe walisema tisa vimepotea kwenye umati. Lakini dereva mmoja alimnong'oneza Rosa kwamba vimepelekwa Arua. Kesho yake Rosa akapanda gari, akashuka Arua mjini, akapanda kilima kwa miguu akiulizia nyumba ya mheshimiwa. Haikuwa vigumu kuitambua. Barazani vilipangwa viti tisa, na chini ya kila kimoja herufi R.K. kwa rangi nyekundu, mwandiko wa Rosa mwenyewe.

Kamisi alitoka, akatabasamu bila hata kubabaika.

"Mama yangu, karibu. Kaa."

Rosa alikaa kwenye kiti chake.

"Mheshimiwa, hivi viti iko yangu."

"Ndiyo, mama. Mchango yako. Mimi hapana sahau watu wanasaidia mimi."

"Mimi nilitoa lini?"

"Si ulitoa na moyo yako?" Akaagiza aletewe soda.

Rosa alikunywa soda, kwa kuwa alikuwa ametembea na jua lilikuwa kali, kisha akasimama na kuita pikapu barabarani. Viti tisa vilipakiwa huku mheshimiwa akiwapungia mkono majirani, kama mtu anayeaga msaada unaokwenda kwa wahitaji. Nauli ya pikapu ilizidi bei ya viti vyenyewe.

Aliporudi Koboko alimpa Poni viti vyake vyote na mahema yote kwa mkutano wa mwisho, bila senti. Safari hii walikuja watu wapatao tisini. Rosa mwenyewe alikaa mbele, na nyuma yake viti mia mbili vitupu vilimeremeta juani.

Poni alikuwa wa tatu. Kamisi alishinda. Jioni ya matokeo alisema redioni kwamba anawashukuru wote waliojitolea, na kwa namna ya pekee mama Rosa Kiden, mama wa viti, aliyemchangia tangu mwanzo.

Rosa alikwenda Midia siku iliyofuata kwa aibu, akamkuta Poni anaanika karanga.

"Sista Poni, ulisikia redio?"

"Nilisikia."

"Ni uongo."

"Najua. Mimi ndiyo nilikalia hivyo viti." Poni akasogeza karanga kwa kiganja. "Huyu mutu nataka kula mpaka shukrani ya wengine."

Kenyi, kwa upande wake, anajivunia kwamba dada yake alisikiliza shauri lake. Na mpaka leo watu wanakuja uani kwa Rosa na vyeti vya watoto ndani ya bahasha, wakiomba awasemee kwa mheshimiwa. Rosa anawaambia hana mtu bungeni. Wanaitikia kwa heshima, wanamwona mchoyo, na wanarudi wiki inayofuata na kuku.